Doto Anachelewa Kuingia

Jumatatu, 12 Juni 1995

Mashati mawili ya mitumba kupunguza, suruali moja kutia viraka. Ndiyo kazi ya leo. Zamani watu waliniletea vitambaa, nikawapima, nikakata. Sasa wananunua shati la Mzungu mnene kwenye rundo, wananiletea nilikondeshe. Haya. Kula lazima.

Mawe ya redio, betri zangu, nimeyaanika tena juu ya bati. Yakipata jua la kutosha yanamaliza upande mmoja wa kaseti, halafu sauti inaanza kuvutika. Kurudisha mkanda natumia kalamu. Siwezi kumaliza mawe kwa kurudisha.

Nimepiga ya Tabora, yenye uzi mwekundu. Kaseti zangu zote nimezifunga nyuzi: nyekundu Tabora, kijani Morogoro, bluu Nairobi, njano Dar. Masanja wa kibanda cha kurekodi hapo jirani ananicheka. Anasema mimi si mpenzi wa muziki, mimi ni askari mpelelezi.

Ana haki. Namtafuta mtu mmoja tu humo ndani.

Jumatano, 21 Juni

Masanja kanichokoza mbele ya wateja. Eti bendi ni za Wazaire wa Nairobi, nyingine zote ni kelele za harusi. Nimemwambia masikio yake yameingia vumbi la pamba. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Hukumu yangu naiandika hapa, hapa hakuna wa kunikatiza.

Tabora, Reli Kati Jazz. Hawana haraka. Tarumbeta zinaanza, zinapumzika, zinaanza tena. Mapenzi ya humo ni ya watu wazima. Pacha wangu Doto alianzia kwao, gitaa la rithimu. Unamsikia kwa shida, kama mtu aliye chumba cha pili.

Nairobi. Wale Wazaire. Magitaa safi, mwendo mkali, huwezi kukaa kwenye kiti. Lakini hakuna pa kuvuta pumzi. Doto yumo kwenye wimbo mmoja tu na sikumpenda. Alikuwa anawakimbilia wenzake.

Dar, Shamra Sound, mtindo wa Pindua Meza. Makelele! Tarumbeta wameziuza, wameweka kinanda. Anayeimba haimbi, anataja majina ya matajiri. Ila wimbo ukishachemka, Doto anaachiwa uwanja, na hapo nawasamehe yote.

Morogoro, Ngerengere Stars. Hiyo ndiyo kaseti ya maisha yangu. Magitaa mawili yanaulizana na kujibizana, mwimbaji analia bila kujionyesha. Upande B, wimbo wa pili, mtu anaita: "Doto! Mtoto wa Bariadi!" Siku niliyoisikia mara ya kwanza niliunguza sketi ya mwalimu kwa pasi. Nilimshonea nyingine na sikujuta hata kidogo. Vijino vya kaseti hiyo nimevivunja, mtu asije akarekodi kwaya juu yake.

Hata wasipomtaja namjua. Doto anachelewa kuingia. Wenzake wote wanaanza, yeye anangoja kidogo sana, unadhani kasahau, ndipo anaingia. Alichelewa hata kuzaliwa. Mimi nilitoka jogoo anawika, yeye akaja jua limepanda. Mayu, mama yetu, mpaka leo anamlaumu.

Nimemkumbuka vibaya leo. Basi.

Alhamisi, 29 Juni

Gari la matangazo limepita na bomba lake la kipaza sauti. Pamba imeanza kununuliwa, na safari hii si ushirika peke yake, kuna wanunuzi binafsi kila kona, na bendi zinafuata pamba. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nikasikia: Shamra Sound, Pindua Meza, kutoka Dar es Salaam, Jumapili tarehe ishirini na tatu Julai, bugi, dansi la mchana, kuanzia saa nane.

Uzi haukuingia tena. Nimefunga cherehani mapema.

Doto hajakanyaga hapa Bariadi tangu mwaka ule wa kupanga foleni ya sabuni.

Jumapili, 2 Julai

Nimenunua popelini nyeupe. Kitambaa kipya, si mtumba. Namshonea shati. Vipimo ninavyo kichwani: mabega yake ni yangu na vidole viwili. Tulikuwa tunavaliana nguo.

Nimepiga ya njano mara mbili. Mawe yamekufa. Sijali.

Jumamosi, 8 Julai

Nimetoka Nkololo kwa wazee. Mayu kanipa michembe ya Doto, viazi vitamu vya kukausha, mfuko mzima, kana kwamba Dar hakuna chakula. Nikamkuta baba zizini, nikamwamkia, nikasubiri anyooshe mgongo. Nikamwambia siku, saa na ukumbi. Nikamwambia: baba, njoo umsikie.

Akauliza tu, "Saa nane mchana?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwa ng'ombe wake.

Baba ni manju, kiongozi wa ngoma. Ngoma yake inajulikana mpaka Mwamapalala. Yeye anapiga ngoma kubwa, inauliza. Ndogo inajibu. Doto ndiye alikuwa wa kujibu. Na akachelewa kuingia, kila mara, mpaka siku moja baba akamnyang'anya vijiti mbele ya uwanja mzima. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, tulikuwa wadogo bado. Msimu ule bendi ya Tabora ikapita hapa, Doto akapanda nayo lori. Tangu hapo baba hajalitaja jina lake. Akitaka kumsema anasema "yule".

Lakini leo kauliza saa. Hajawahi kuuliza chochote. Nimerudi nikiimba njiani.

Jumamosi, 15 Julai

Nina hasira.

Kijana wa Nkololo kaja na habari. Baba ameomba uwanja wa mpira, ule ulio mbele ya ukumbi. Jumapili tarehe ishirini na tatu. Saa nane mchana. Anakuja na ngoma yake yote.

Kila mtu hapa anajua maana yake. Ngoma mbili, mahali pamoja, saa ileile, na watazamaji wanaamua kwa miguu yao wenyewe. Anayekimbiwa na watu ndiye kashindwa. Anataka kumwaibisha mtoto wake tena, mbele ya watu walewale. Na siku na saa kazipata kwangu. Mdomo wangu huu!

Masanja anapiga makofi, anasema biashara itakuwa nzuri. Nimemwambia aondoke barazani kwangu.

Jumamosi, 22 Julai

Shati tayari. Kola imesimama vizuri. Nimelipiga pasi mara tatu, mara ya tatu bila sababu.

Bendi imeingia jioni. Sikwenda. Nimeogopa. Nimekaa hapa na shati mapajani kama mjinga.

Jumapili, 23 Julai

Naandika haraka kabla sijaanza kusahau.

Ukumbi ulijaa. Wakulima wamevaa viatu vipya, wake zao wamepaka mafuta. Jenereta linanguruma nyuma. Nilisimama karibu na jukwaa. Doto akatoka wa mwisho. Amekonda. Ana mvi upande mmoja. Akaniona, akainua kidole kimoja kutoka kwenye nyuzi. Kidole kimoja. Nikalia palepale kama mtoto, mama mmoja akanipa kanga nijifute.

Nyimbo mbili za kwanza, kelele za kawaida. Ya tatu ikachemka, wakamwachia. Akangoja. Akaingia. Mungu wangu! Ukumbi mzima ukapiga yowe. Nikasema moyoni, baba, umeshindwa.

Ndipo ngoma ikalia uwanjani.

Kwanza walitoka vijana wa mlangoni, kuchungulia tu. Halafu wazee. Halafu akina mama waliokuwa wanacheza wakawaacha waume zao katikati. Mwimbaji akafanya utani, akataja majina ya wenye pesa. Wakatoka na hao wenye pesa. Nikawa nawavuta watu nguo. Nilimtukana mmoja. Haikusaidia kitu.

Viti vikabaki. Doto akasimamisha mkono, akasikiliza. Akavua gitaa, akaliegemeza kwenye spika, akashuka, akanipita, akatoka.

Nikamfuata. Alisimama pembeni ya duara, nyuma ya watu, kama mgeni. Baba anapiga, jasho linamtiririka. Kubwa inauliza. Halafu kimya. Inauliza tena. Kimya. Hakuna ngoma ndogo. Nimekuwa nikiona hivyo miaka yote na sikujali. Watu wanadhani ndiyo mtindo wake. Wamezoea, katika kimya kile wanadunda mguu chini mara moja.

Leo ndipo nimeelewa. Hajaweka mtu. Ile nafasi ni ya Doto, ameiacha wazi.

Vidole vya Doto vilikuwa vinacheza pajani. Baba akamwona. Nina hakika alimwona. Hakuacha kupiga. Hakuita. Mwenye bendi akaja akamshika Doto mkono kwa ukali, wakarudi ukumbini.

Nimemchukia baba leo. Namwandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 24 Julai

Doto alikuja asubuhi chumbani kwangu. Amekula michembe na karanga, anatafuna tu. Shati limemkaa vibaya. Mabega yanaanguka, kifuani angeweza kuingia mtu mwingine. Nilimshonea Doto wa zamani. Nikataka kulipunguza, akakataa. Akasema atanenepa.

Nilikuwa na maneno mengi. Yote yalikimbia. Nikamwambia abaki. Akasema, "Nibaki nifanye nini, dada?" Hata mimi hapa nakondesha mashati ya wazungu.

Aliuliza kitu kimoja. Nani anajibu siku hizi. Nikasema hakuna, baba ameacha nafasi. Akageukia mlango.

Lori la vyombo likapiga honi. Akakimbia na shati lake kubwa.

Hakwenda Nkololo. Hakuwa na muda, au hakuwa na ujasiri. Nyumba inanuka karanga.

Jumapili, 30 Julai

Nilikwenda Nkololo kugombana. Nilimtafutia baba maneno njia nzima. Nimefika, kaenda mnadani na ng'ombe. Basi nikamalizia hasira kwa mayu.

Akaniacha niseme nimalize. Kisha akasema, akiwa anachambua mlenda: "Kulwa, baba yako ameshindana na watu wangapi?" Nikasema simjui hata mmoja. Akasema wawili, na wote walikuwa mamanju wakubwa, mmoja ni marehemu. Vijana wanamwomba washindane naye kila msimu, anakataa. Hasimamishi ngoma yake mbele ya mtu asiye mtu.

Nilikaa jikoni nikiliwaza hilo. Moshi ukanipa kisingizio cha machozi.

Kwa nini hakusema tu? Angekuja ukumbini akakaa kwenye kiti kama wazazi wengine. Wanaume hawa wananichosha.

Jumanne, 5 Septemba

Hakuna kaseti mpya. Hakuna barua. Sare za shule, viraka, sare za shule. Masanja kanipa mawe mapya ya kunibembeleza. Nimepokea, lakini bado nina kinyongo naye.

Nimepiga ya kijani. "Doto! Mtoto wa Bariadi!" Nilijibu kwa sauti, "Yupo wapi?" Mteja akageuka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Uchaguzi umeijaza barabara magari ya matangazo. Kila bomba likipita moyo unaruka. Ni wagombea tu.

Jumamosi, 18 Novemba

Mvua ya kwanza nzuri. Baba kaja mjini kutafuta mbegu, ikamkamata, akajisitiri barazani kwangu. Tumesalimiana. Nikampa kiti na chai. Tukaitazama mvua. Hatujakaa hivyo wawili tangu Julai.

Masanja akaja mbio, kaseti ameificha kwapani isilowe. Shamra Sound, mpya, imeletwa na dereva wa basi la Mwanza. Hakufikiria mambo ya watu, akaitumbukiza redioni mbele ya baba. Nilitaka kuizima. Mkono haukwenda.

Kelele, kinanda, majina ya matajiri. Baba anakunywa chai. Nikasema moyoni afadhali, hajui ni nani.

Kisha ikachemka. Kila kitu kikanyamaza isipokuwa ngoma. Nikaijua kabla sijaamini. Mpigaji wao alikuwa anapiga swali la baba. Lile lile la Nkololo, ndani ya kaseti ya Dar es Salaam.

Baba akaweka kikombe chini. Mkono wake ukapanda juu ya meza ya cherehani, ukaanza kupiga pamoja nao. Swali. Halafu ile nafasi. Mkono ukabaki hewani. Hakuna kitu. Masanja akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Baba hakushusha mkono. Alisubiri.

Doto akaingia.