Shokabzoba zilizopakwa mafuta ya papa

Faza, Jumanne

Mafuta ya papa, jamani. Wiki tatu nimeuliza mafundi ni shokabzoba gani zitaihimili njia ya Siyu, nikaagiza hizi kwa sababu ya mipira yake minene. Leo nahodha Bwana Athmani kanishushia kutoka mashuani zikimeta. Kazipaka mafuta ya papa zote, kama apakavyo mbao za chombo chake. Mipira imevimba na kulainika.

"Chumvi ya bahari haizili tena, mwanangu," akasema, mikono bado inanuka.



Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na gari letu linaruka kwenye kila shimo. Kazinusa shokabzoba mara moja, akatapika. Anasema hospitali ataenda kwa punda.

Bwana Athmani nilimshukuru. Kaahidi kuja kuzipaka kila mwezi.