Marashi ya Kabedi kwenye Ukosi wa Koti

Jumatatu, 3 Februari 2025

Ninaomba radhi kwa kimya kirefu. Ninamwomba nani? Hakuna asomaye humu ila mimi. Hata hivyo, mtu aliyewafundisha watoto kwamba kazi iliyoachwa katikati ni aibu, hana budi kujiomba radhi mwenyewe. Tangu mke wangu Kabedi afariki sijaandika neno. Kalamu ilikuwapo. Karatasi ilikuwapo. Mimi ndiye nisiyekuwapo.

Mambo yalivyo sasa: tunamngoja Lazare, kaka yake Kabedi, aje kutoka Kabongo. Kwetu mke akifa, kifo hubaki mwilini mwa mume mpaka ndugu za mke waje kukitoa. Kabla ya hapo mume hagusi mwanamke, hajipambi, hajipaki kitu chenye harufu nzuri. Na vitu vyote vya marehemu, hata kichana, hukaa sandukuni hadi ndugu zake walifungue wenyewe. Mimi ni Mmetodisti, tena mzee wa kanisa. Tunahubiri kwamba desturi hizo zimepitwa na wakati. Tunahubiri — halafu tunazifuata.

Kitu kimoja hakimo sandukuni. Chupa ya marashi yake. Ninayo mimi.

Ni marashi ya kike, ya mtindo wa zamani. Yananukia poda ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na waridi, na ua jingine kavu nisilolijua jina. Kabedi aliyapaka kila Jumapili tangu ujana wetu, aina ile ile, akiwaagiza watu waendao Lubumbashi. Kisha kikaja kidonda cha titi. Kilinuka. Niandike wazi: kilinuka, na yeye alijua. Wageni walipobisha hodi aliniambia, "Matthias, nyunyiza. Bantu banakuya." Hakuniuliza hata siku moja kama atapona. Aliuliza kama harufu imefika mlangoni.

Kidonda kimezikwa pamoja naye, lakini mimi bado ninakinusa. Mikononi. Kwenye sahani. Kwenye Biblia! Sabuni haisaidii. Kinachosaidia ni marashi kidogo kwenye ukosi wa koti langu la kijivu. Hapo ninapumua. Sifanyi hivyo kwa mapenzi. Ninafanya hivyo ili chakula kipite kooni.

Béatrice, mdogo wake Kabedi, anakaa hapa tangu msiba, ananipikia. Leo alikuwa anafagia chumba changu. Akasimama, ufagio mkononi, akavuta pumzi. "Yaya hayatoka bado," akasema; kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Harufu yake iko humu."

Nilimwacha aamini hivyo.

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi nilipita na koti langu karibu na vijana wa pikipiki. Mmoja akapaza sauti: "Tata Mwalimu! Unanukia sawa bibi-arusi! Ule mama alikukumbatia, umusalimie!" Wenzake wakaangua kicheko. Nilimwambia afunge vifungo vya shati lake. Alivifunga — huku bado anacheka.

Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mwanamume anaweza kujipaka mwenyewe. Tena mimi! Wazo kama hilo halipo hapa Kamina. Nilirudi nyumbani nimetulia. Nilipaswa kuogopa.

Alasiri alikuja Nathalie, mwalimu wa darasa la nne. Ni mjane bado kijana, ana binti mmoja, Mira. Huniletea maandalio ya masomo yake niyapitie kabla inspekta hajafika. Tunakaa barazani, mlango wazi, Béatrice akitwanga majani ya sombe uani. Mvua ikashuka ghafla. Madaftari ya watoto yalikuwa mikononi mwake, hana mwavuli. Nikampa koti ayafunike. Lilikuwa limening'inia karibu. Sikufikiri.

Jumapili, 9 Februari

Siku mbaya.

Jana Nathalie alirudisha koti. Amelifunga vizuri ndani ya kitenge chake cha kwaya, lisilowe tena. Adabu yake njema ndiyo iliyomponza. Leo alijitanda kitenge kile kile kanisani, akapita karibu na Béatrice.

Béatrice alinitangulia njiani hadi tulipofika nyumbani. Alipofunga mlango tu, akaanza.

"Nilikuwa nafunga macho, naomba. Harufu ikapita. Nikasema, Mungu wangu, yaya anakuya! Nikafungua macho — kumbe njo Nathalie!"

Nikasema wanawake wengi hupaka marashi.

"Ile? Ile hapana! Minyi nilikuwa naosha yaya, shemeki. Ile parfumu nitaijua hata mu kaburi. Kifo ingali ku mwili yako, na weye umeisha kupatia mwanamuke vintu vya dada yangu!"

Sentensi moja ingetosha. Ilikuwa imekamilika kinywani: ni mimi ninayejipaka. Badala yake nilimwambia asinipigie kelele nyumbani mwangu.

Akaenda nje kumpigia Lazare simu.

Jumanne, 11 Februari

Habari zimefika kwenye pampu. Inasemekana mwanamke anayemgusa mwanamume mwenye kifo, hukichukua kifo hicho na kukigawa kwa majirani. Leo asubuhi Mira alipotega bidoni lake la maji, wanawake waliondoa ndoo zao. Mmoja akamwambia mtoto akateke mtoni, maji ya pampu ni ya bantu bazima, wasio na kifo mwilini.

Béatrice alinisimulia hayo akisonga bukari. Hakufurahi. Hakusikitika. Alisonga tu.

Sikula. Niliweka tonge mdomoni, nikanusa kidonda.

Ijumaa, 14 Februari

Nathalie alikuja. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa miti, mkono juu ya mti mmoja, akasubiri nimwendee.

Nilimkaribisha barazani. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, harufu ilikuwa mu koti," akasema. "Minyi niliisikia ile siku ya mvula, mbele ya kufika ku nyumba. Sikuuliza. Siulize hata leo. Mambo ya nyumba ya Mwalimu, Mwalimu njo anajua. Lakini abaambie tu."

Nikamwambia nitasema.

"Leo?"

Nikamwambia kila jambo lina wakati wake.

Akanitazama kama mtoto anavyomtazama mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni, akiogopa kumwonyesha. Kisha akaniambia watoto wanaondolewa kwake: "Wazazi babili baliisha kutosha batoto yabo mu darasa yangu." Akaenda. Hakuaga. Sikumlaumu.

Usiku huo huo — hapana, ilikuwa bado jioni — nilitia marashi kwenye ukosi kama kawaida. Nilijitazama kiooni nikifanya hivyo. Mzee mwenye mvi, kidevu juu, akipapasa shingo kama mwanamke anayekwenda arusini. Niwaambieje? Lazare? Vijana wa pikipiki? Wanafunzi wangu wa zamani, ambao leo ni wakubwa wa ofisi? Mtu anaweza kuvumilia kuitwa mzinzi. Wengi wameitwa hivyo, nao wanasalimiwa barabarani. Hili jingine halina hata jina.

Jumatano, 19 Februari

Kikao cha wazee wa kanisa. Mchungaji Abdias aliomba kwa muda mrefu mno, kisha akaleta jambo la Nathalie. Mimi mwenyewe hakuna aliyenigusa. Walisema nimefiwa, nimedhoofika, mwanamke ametumia udhaifu wangu. Walinihurumia!

Niliuliza ushahidi uko wapi. Abdias alinijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu wetu, muntu anaweza kudanganya. Pua haidanganye."

Aondolewe kwenye kwaya. Mkubwa wa shule aombwe ampumzishe. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikapanda. Mimi sikunyoosha kukubali, wala kukataa. Niliitazama meza. Ina ufa upande wa kushoto, umezibwa kwa nta.

Nilipofika nyumbani Béatrice alisema Lazare amepanda gari la mizigo.

Jumamosi, 22 Februari

Ninaandika mchana, chumbani, mlango umefungwa. Uani watu wamejaa. Wanadhani ninavaa.

Lazare alifika jana, vumbi mpaka kwenye nyusi, na furushi la samaki wakavu wa Kinkondja kwa ajili ya chakula cha leo. Alinisalimu kwa mikono miwili. Ni mtu wa haki. Hilo ndilo linaloniumiza. Asubuhi walilitoa sanduku, wakalifungua mbele ya wote. Vitenge. Miwani. Kichana, nywele zake zingali zimo. Béatrice alitoa kitu kimoja kimoja, akikibusu. Akafika chini kabisa. Akapapasa tena.

"Parfumu haiko."

Macho yote yakamwendea Nathalie. Walikuwa wamemwita. Alisimama juani karibu na jiko, Mira ameshika kitenge chake.

Lazare hakupaza sauti. "Minyi sikuje kupigana. Nilikuya kutosha kifo ya dada yangu. Sasa naambiwa kifo imeisha kutoka yenyewe, iko natembea mu quartier, nyumba kwa nyumba! Mama, chupa iko wapi?"

"Sina chupa, tata. Harufu ilikuwa mu koti ya Mwalimu."

Kisha mtu mmoja akacheka, nyuma. "Koti? Mwalimu njo anapaka parfumu ya banamuke?" Kicheko kikasambaa uani. Mzee mmoja alifuta machozi. Abdias aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Hata Béatrice — msiba wote huu sijamwona akicheka — alijifunika mdomo.

"Halafu anavala na soutien!" mwingine akaongeza, viganja kifuani kama sidiria, na wakaanza upya.

Wakanigeukia, wanione nami nikicheka.

Nikatabasamu.

Ninaandika neno hilo ili nisilikane baadaye. Nilitabasamu. Nathalie aliona. Aliwatazama kuku.

Lazare akakata shauri. Nathalie arudi kwao Luena na mtoto wake, leo, kabla jua halijatua. Akibaki, yeye Lazare hatoi kifo, na kila atakayefiwa hapa mtaani ajue kifo hicho kimetoka wapi. Wanawake waliitikia. Mmoja alikwisha kwenda kumletea vyombo vyake: sufuria, mkeka, begi la shule la Mira.

Nikaomba ruhusa niingie kuvaa, maana mtu hatolewi kifo akiwa na shati la ndani. Wakakubali. Walisema nina haki, Mwalimu ni mtu wa utaratibu.

Chupa iko mbele yangu. Kofia yake ya dhahabu imechujuka mahali kidole chake kilipozoea kushika. Marashi yamebaki kidogo sana chini. Nimeyamimina yote kwenye ukosi. Chumba kimejaa Kabedi, yule wa Jumapili, si yule wa kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu kitambo sinusi kitu kingine chochote.

Béatrice yuko mlangoni. "Shemeki, toka. Bantu banachoka."

Nimejibu kwamba ninavaa.

"Unavala nini saa yote ile? Jua iko kali!"

Kweli, jua ni kali. Hakuna mtu hata mmoja aliyevaa koti uani. Nikitoka nalo sitahitaji kutamka neno lolote. Nitapita katikati yao mpaka kwenye kiti cha kutolewa kifo, na pua haidanganyi.

Au nitalitundika msumarini, nitoke na shati jeupe.

Nje Lazare anamwambia Nathalie achukue mzigo wake, gari halingoji. Mira anauliza kama Mwalimu naye anakuja kuwaaga.

Mkono wangu wa kushoto umekwisha kuingia kwenye koti. Wa kulia umeshika kalamu. Nitakapokuwa nimeamua, nitaandika.