Makoti ya Kijani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako je, bado linakusumbua ukisimama zamu nzima wodini? Na ile nyumba ya wafanyakazi uliyoahidiwa, wameshakupa funguo au bado wanakuzungusha? Sisi huku wazima, na mwanao yu mzima. Natanguliza hilo kabla hujaanza kuruka mistari kutafuta habari mbaya, maana nakujua. Kidonda cha mkononi kimefunga, nyuzi zimetolewa juzi, na vidole vyote vinacheza. Mbwa alikuwa ameshachanjwa na cheti chake daktari alikiona, kwa hiyo upande huo tulia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama huko kuna mvua. Mikono inanitetemeka mpaka nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mteja mmoja kanitania kwamba nimeanza kuzeeka. Si uzee, Dada, ni woga.

Ulianzia kwa wale wezi. Nilikuambia waliingia mchana wakabeba cherehani moja nikiwa nimetoka. Sikuwa nimetoka. Nilikuwa chini ya meza ya kukatia, nimejifunika vitambaa vya watu, nikiangalia viatu vyao vikipita karibu na pua yangu. Bahati nzuri mtoto alikuwa shuleni. Tangu siku ile mlango ukigongwa tu roho inaniruka, ndipo nikaenda kumchukua yule mbwa mdogo.

Alipofika alikuwa anaenea kwenye kofia yangu. Siku hiyohiyo aliiba bobini ya cherehani, akakimbia nayo mdomoni na kuzungusha uzi kwenye miguu yote ya meza. Mwanao, Bi Maswali wako, alicheka mpaka akakaa chini, na jina likapatikana papo hapo: Bobini. Daktari wa mifugo alituelekeza namna ya kumlea. Alisema tumtoe nje kila baada ya kula, tumfundishe kukaa, kuja akiitwa na kuachia kitu akiambiwa, na tumzoeshe watu wa kila aina. Zaidi ya yote alisisitiza kwamba asiachiwe kung'ata mikono, hata kwa mchezo, maana meno ya utoto yatang'oka lakini mazoea yatabaki. Mwanao alishika kila neno. Alikuwa anatembea na makombo ya mkate mfukoni, na ndani ya wiki mbili Bobini alikuwa anakaa kitako kwa adabu kuliko wateja wangu.

Kisha likatokea lile la mkono. Nilikuambia mwanao alimvuta Bobini mkia, na mbwa naye ni mnyama. Ukampigia ukamkemea, naye akakujibu samahani Mama, hatarudia. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikijifanya napiga pasi.

Tangu hapo sina amani. Kila siku shule inapotoka nafunga kazi. Namshika Bobini katikati ya magoti, nambana mdomo kwa mkono, na nasikiliza miguu ya watoto ikipita nje ya ule uzio wetu wa mbao zilizooza. Yeye ananguruma kidogokidogo, namsikia kifuani mwangu. Mara mbili ameshatafuna kamba. Siku mkono wangu ukiteleza, Dada, ni mtoto wa nani atakayeumia? Wanapita zaidi ya arobaini.

Wiki hii nikaona jambo lililonimaliza kabisa. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi ya kukata. Nilichungulia dirishani nikaona watoto wa shule, mmoja baada ya mwingine, wakitokea nyuma ya kona ya duka wakimalizia kuvua makoti yao ya kijani na kuyasokomeza kwenye mikoba. Wanapita mbele ya nyumba yetu na vishati tu, meno yanagongana. Wakishavuka, wanayavaa tena. Nilijua kuna mtu anajua.

Sasa keti, Dada, kama umesimama.

Mwanao hakuvuta mkia wa mtu. Mimi niliona mbwa anayekaa kitako na kutoa mkono atawasalimia wezi, kwa hiyo mtoto akienda shule nilikuwa naanzisha darasa langu la siri uani. Wakati huo nilikuwa nashona makoti ya shule, kile kitambaa kizito cha kijani. Nikachukua mabaki yake, nikajiviringisha mkono mzima ili meno yasipenye, nikawa nautikisa mbele ya pua yake nikisema kamata. Akikamata na kuvuta, nampa nyama. Kila siku, miezi miwili. Haikunijia hata mara moja kwamba ninamfundisha rangi na harufu ya nguo ninazowashonea watoto wa watu. Eti fundi!

Koti la mwanao nililishona mwisho, si unajua wa nyumbani ndiye husubiri. Alilivaa, akakimbia uani kumwonyesha rafiki yake Bobini, mikono ameitandaza. Nilisikia ukelele. Nilivuta, nikapiga, nikaita jina, Bobini hakuachia mpaka nilipomtupia kipande cha nyama. Halafu akaniangalia huku anatikisa mkia. Alikuwa anangoja nimsifu.

Majirani walipojaa nilisema amevutwa mkia. Lilinitoka tu. Daktari wa hospitali alipomuuliza mtoto, akanitazama kwanza, kisha akasema ndiyo, alivuta. Nikajidanganya kwamba labda kweli alivuta na mimi sikuona. Nilichoogopa ni kwamba wazazi wakijua, hakuna atakayenipa hata kifungo nishone, na wewe utamchukua mwanao. Kwa hiyo nikamwachia mtoto wa miaka tisa abebe uongo wangu.

Jana nilijikaza nikaenda kumuuliza mama mwenye duka hao watoto wana nini. Akacheka, akasema ni mchezo wa mpwa wangu. Kila asubuhi mwanao hutangulia, husimama nyuma ya ile kona na mkono wake mmoja mzima, na hakuna anayepita na koti mwilini. Wadogo huwafungulia vifungo mwenyewe. Jioni huwangoja kwenye lango la shule na kufanya vilevile. Amewaambia Bobini ana ugonjwa wa macho, kijani kinamuumiza.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Nilimkalisha, nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu mwanzo. Alirudi mapema siku moja kwa sababu ya homa, akaniona kupitia dirisha la jikoni nikiwa na mkono wa kijani, akadhani nacheza. Baada ya kuumwa ndipo akaelewa. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kwamba alivuta mkia. Akaniambia aliona mikono yangu inatetemeka, na akakumbuka ulivyomwagiza siku ya kuondoka, kwamba mjomba wako ni mwoga, umwangalie.

Nililia mbele ya mtoto, Dada, sikuficha.

Leo asubuhi nimempeleka Bobini kwa daktari wa mifugo na kumweleza yote. Amenigombeza hadharani, na nilistahili. Atakaa naye kwenye banda lake, ajaribu kumwondolea mafunzo yangu. Hajaahidi kitu. Jumamosi kuna kikao cha wazazi shuleni na nimeomba nafasi ya kusema. Mwanao amesema tutakwenda wote, atanishika mkono, ule uliopona.

Barua hii ameisoma kabla sijaifunga, maana nimechoka kumficha. Ameniambia neno ukamkemea nililiandika vibaya, nikalifuta na kuliandika upya. Ukitaka kuja kumchukua, njoo, sitafungua mdomo kukupinga. Ila mpigie kwanza umwombe radhi kwa lile la mkia, kwa niaba yangu na yako.

Wasalimie wenzako wa zamu, na goti ulikande na maji ya moto. Bi Maswali anakusalimu, na anauliza kama kwenye hiyo nyumba mpya wanaruhusu mbwa. Na mjomba mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi, mwoga wako yuleyule