Jina Atakaloitwa Siku Hiyo

Ugalla, 4 Agosti 2024
Leo miezi saba tangu nitoke nyumbani.

Mama, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila nyuki wamenivimbisha jicho moja, nakuandikia kwa lililobaki. Kazi ni kukwea miti, kurina asali na kubeba ndoo mpaka kambini. Mtandao hakuna, barua hii anaileta dereva wa lori.

Nimesikia padri anakuja kigangoni tarehe 25 kubatiza. Mwanangu asibatizwe, mama. Tangu azaliwe sijamwona. Nataka nimshike mwenyewe mbele ya watu, nitaje jina. Jina ninalo, simwambii mtu, hata mke wangu Pudensiana. Nisubirini.

Mwanao, Silvesta


Mwese, 10 Septemba 2024

Marahaba, mwanangu. Milele amina. Kaa chini kwanza.

Mtoto ametutoka tarehe tatu. Homa ilimpanda asubuhi, tukampakia kwenye pikipiki ya Maiko, jirani, twende zahanati. Kwenye kile kilima kikali akaanza kukata roho. Nilichukua maji ya dumu la Maiko nikambatiza mwenyewe, maana katekista alitufundisha kwamba mtoto akizidiwa mtu yeyote anaweza. Nikampa jina Rozalia, la mama yangu, kwa kuwa lako ulilificha.

Tumemzika nyuma ya migomba. Pudensiana hali, hasemi, ila neno moja: "Angalau amebatizwa."

Mama yako


Ugalla, 22 Septemba 2024

Mama, shikamoo. Salamu nyingine sina.

Barua niliisomea juu ya mti, na sijui nilishukaje. Mngempeleka kwa padri, angekuwa amebatizwa siku tisa kabla. Ni mimi niliyekataza.

Mustapha, mwenzangu wa kambini, aliniambia, "Kwetu mtoto mchanga hana kesi, anaingia peponi bila kuulizwa. Nyie mnajitesa na nini?" Nikamwambia kwetu lazima maji. Akasema, "Bibi yake si kashammwagia? Basi nyamaza, kula ugali."

Kweli, mama, wewe ndiye uliyeniokoa. Sura yake siijui. Niandikie maneno uliyosema ukimmwagia maji, neno kwa neno. Niyashike hayo, maana kingine cha kwake sina.

Mwanao, Silvesta


Mwese, 8 Oktoba 2024

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeikalia wiki nzima. Nilianza kuyaandika yale maneno, ndipo nikaona nilikosea.

Nilisema, "Rozalia, nakubatiza kwa jina la Yesu, Maria na Yosefu." Ndiyo majina tunayomwitia mtu anayekufa, yakanitoka yenyewe. Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu sikuwataja.

Nilimfuata Respicius, katekista wetu. Akasema, "Mama Silvesta, ule haukuwa ubatizo. Lakini mlitaka abatizwe, na Mungu aliona. Tumwachie yeye."

Tumwachie! Makaburi yakifunguliwa, nani atamwita mjukuu wangu, na kwa jina gani? Pudensiana sijamwambia. Nitukane, mwanangu, lakini nijibu.

Mama yako


Ugalla, 20 Oktoba 2024

Mama, shikamoo. Najibu.

Nilikasirika siku mbili. Nilikuandikia maneno mabaya, halafu nikaichoma karatasi kwenye moto wa kufukuzia nyuki. Wewe ulikosea umemshika mtoto anakufa mikononi. Mimi nilikaa hapa nimetulia, na kalamu, nikaandika asibatizwe. Nani kati yetu wa kuulizwa?

Kama yuko mbinguni sijui. Nasali, nikimaliza naona nimesema na miti. Respicius anasema tumwachie Mungu. Haya, kwani pengine pa kumpeleka ninapo?

Pudensiana usimwambie. Nitamwambia mimi, yote, kuanzia ile barua yangu ya Agosti.

Na jina nililoficha lilikuwa Romana, jina lako. Nilitaka ulisikie kanisani, ushtuke. Siku ile makaburi yakifunguliwa, akiitwa Rozalia ataitika, ulimpa wewe. Wakiita Romana mtasimama wawili. Umshike mkono, mama, hajui kutembea.

Kazini nimeaga. Jumamosi tarehe 2 Novemba ni siku ya Marehemu Wote. Kaburi msilipalilie, niachieni mimi. Lori linatoka huku Jumanne, tarehe 29, na kutoka Mpanda nikikosa pikipiki nitapanda milima kwa miguu. Nitafika Alhamisi, tarehe 31.

Mwanao, Silvesta