Mbalamwezi Bila Marwa

Jumamosi usiku, Kigera

Kwa hiyo haji tena. Nilishanunua sato na kutandika shuka zetu za harusi, ndipo mume wangu Marwa akapiga simu kutoka Butiama.

Siku za giza, mwezi usipoonekana, nilivumilia. Marwa anapiga picha za anga, na hapa Musoma taa za wavuvi wa dagaa zinamharibia, ndiyo maana anakimbilia Butiama. Nilijua mbalamwezi ikitoka wavuvi watapumzika, na wangu atarudi kama waume wa majirani.

Kumbe kichujio kipya cha darubini yake kinajaribiwa kwenye mbalamwezi hiyohiyo. Kinatakiwa kizuie mwanga wa mwezi, kipitishe ule wekundu wa mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota tu. Darubini yake ni ya kasi, yaani inakusanya mwanga haraka, na mwanga unaingia kwa mshazari, na kichujio cha kwanza kiliupoteza wekundu wote. Alinieleza polepole kwa sauti yake ile, nikashindwa hata kununa.

Nilipomweleza Mama Bhoke wa jirani, alicheka mpaka akashika ukuta. "Bibi harusi, wetu wanarudiga na dagaa. Wako anarudiga na nini?"

"Na picha."

"Haya, kaanga picha tuje kula."

Nilicheka naye. Lakini nilipoingia ndani nikanusa shati lake, na nikaogopa. Nisije nikazoea kulala peke yangu, yeye naye akazoea...

Hapana. Nimemtumia ujumbe sasa hivi: "Mpenzi, endelea na kazi yako. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi ndiye nitakayekuja Butiama."