Makalio Yangu na Mpaka wa Zala

Jumanne, 5 Mei 1846

Hakuna aliye hai anayeijua mipaka ya kaunti ya Zala kama mimi. Nimeizunguka yote kwa miguu.

Uongo. Sijawahi kwenda mbali kuliko kinu cha maji cha kijijini. Ila ndivyo nilivyomwambia mpimaji wa kaunti, naye kaandika. Nimejitia kitanzi mwenyewe.

Kijito kimehama, tuta la mpaka limelimwa likaisha, na watu wa kaunti ya Somogy wanadai malisho yetu ni yao. Wakishinda, ng'ombe wa kijiji kizima hawana pa kula. Hata Bimbó, ng'ombe wangu. Shahidi nimebaki mimi tu: lilipojengwa tuta lile, wazee walimwinamisha mtoto mmoja juu yake wakamchapa, asisahau mahali. Fimbo kumi na mbili. Zamu ilikuwa ya Ambrus — kajificha kwenye pipa la kabichi, nikakamatwa mimi. Leo Ambrus ndiye mkuu wa kijiji.

Alhamisi, 7 Mei

Kutwa nzima malishoni. Fimbo nazikumbuka moja moja. Mahali — sipaoni.

Ambrus kanifuata na mkate na mafuta ya nguruwe. "Vendel, ndugu yangu, niambie kweli. Unapajua?"

"Makalio yanapajua, mheshimiwa. Yaulize."

Hakucheka. Kesho kutwa mahakimu wa kaunti zote mbili wanakuja, na mimi niape peku, udongo kichwani, kama ilivyo desturi ya kiapo cha mpaka.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepapata! Kofia iliniponyoka, nikainama — mnara wa kanisa huo, kichwa chini, katikati ya miguu yangu, umekaa sawasawa kati ya vilima viwili. Ndivyo nilivyouona siku ile nachapwa. Nikisimama wima, sioni kitu.

Tatizo: kuinuka nikashindwa. Orsolya, jirani yangu, akapita na mabata bukini wake.

"Babu Vendel, umepoteza nini huko?"

"Mpaka wa kaunti, mwanangu."

Akaninyoosha, anacheka mpaka analia.

Nimetoka kwa Ambrus sasa hivi. Nimemwambia kesho nitaapa nimeinama, hakuna njia nyingine. Kakuna sharubu: mahakimu watatucheka, na yeye ana cheo chake. Wacheke, nimesema, ng'ombe watashiba. Sikudai divai yako wala shamba, Ambrus. Zile kumi na mbili zilikuwa zako. Kesho simama nyuma yangu, unishike mshipi nisianguke — na nikigonga paja, uniinue.

Nimemwacha bado anakuna sharubu. Unishike mshipi tu, Ambrus.