Uso wa Fahali wa Lango

Jumapili, 6 Novemba

Vipande mia tatu na kumi na mbili. Ndivyo vilivyobaki vya uso wa fahali wetu — mwili wa ng'ombe, mabawa ya tai, kichwa cha mtu. Wa kale walimchonga azuie mabaya yasiingie mjini. Mlinzi gani! Wanamgambo walipomjia na nyundo hakufurukuta. Aliyefurukuta ni mume wangu Hazim, askari wa lango. Alikataa kutoa funguo. Wakamchukua. Mwaka wa nane huu, hata kaburi sina.

Na mimi, fundi wa makumbusho, ndiye wa kumuunganisha huyu fahali wa jiwe!

Jumatatu, 7 Novemba

Kibarua mpya, Ghanim. Mpole, mikono kama ya mkunga. Kipande kilichonihangaisha wiki nzima amekichukua, akakitia mahali pake — pap!

"Umejuaje?"

"Bahati tu, Mama Rafid."

Jumatano, 9 Novemba

Bahati mara kumi na nne si bahati. Leo kasema jicho la kushoto halimo masandukuni, liliangukia kisimani. Wakachimbua. Lilikuwemo!

Nikamfuata kwenye chai. Nikamuuliza polepole: ulikuwepo walipomvunja? Akakoroga mpaka chai ikapoa.

"Nilishika keekee ya kutobolea jiwe, Mama Rafid. Walisema nikitoboa mimi, baba watamwacha."

"Wakamwacha?"

"Thubutu."

Nilitaka kumhurumia. Huruma haikuja.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimemweleza Rafid kwa simu, jina sikulitaja. Mwanangu akafoka kutoka Erbil: "Mama, mtu kavunja, kaua, nawe unamkaribisha chai? Mtaje! Unangoja nini?"

Nangoja nini? Bila Ghanim uso haukamiliki — hicho ndicho kisingizio. Kuna swali moja sijamuuliza. Naogopa atakuwa na jibu.

Jumapili, 13 Novemba

Nimemuuliza. Hazim yuko wapi?

Akaweka brashi chini. Alimwona akishushwa garini. Anapajua mahali. "Nikikuonyesha, nimekwisha." Sikumwahidi kitu.

Kumbe Rafid hakunisubiri, keshatoa habari! Afisa wa usalama yuko kwa mkurugenzi sasa hivi, anakunywa chai yetu. Anataka jina tu. Nimeitwa mara mbili.

Ghanim hajakimbia. Kakaa mbele yangu, ananichorea njia nyuma ya orodha ya vipande. Daraja. Mizeituni. Barabara ya changarawe—

"Mama Rafid, afisa anasema sasa!"

"Naja!"

Kalamu yake imefika penye njia panda. Imesimama. Ananitazama mimi, si karatasi.